Feroz Khan: Steringi aliyekuwa bosi wa filamu zake mwenyewe

Mtaa wa Flemingdon Park, karibu na makutano ya barabara za Don Mills na Eglinton mjini Toronto, Canada, ni mtaa wa maghorofa marefu yaliyoanza kujengwa katika miaka ya 1960. Tangu wakati huo umekuwa kituo cha kwanza cha wageni wengi wanaohamia nchini humo. Wamo Wapakistani, Waafghani, Wahindi, Wafilipino, na pia watu wa Afrika Mashariki, wakiwemo Waismailia na Wahindi wengine waliotoka Uganda, Tanzania na Kenya katika miaka ya 1970. Watu hawa hawana lugha moja wala dini moja. Lakini ukikaa na wale wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, ukataja filamu ya Qurbani, mazungumzo hayatakwisha mapema.

Mwenye filamu hiyo ni marehemu Feroz Khan, aliyefariki dunia tarehe 27 Aprili 2009 akiwa na umri wa miaka 69. Msomaji asimchanganye na Feroz Abbas Khan, mwongozaji wa michezo ya jukwaani na wa filamu ya Gandhi, My Father. Huyu tunayemzungumzia hapa ni yule wa kofia ya ng'ombe, farasi, pikipiki na bastola, aliyeitwa na magazeti ya India kuwa ni Clint Eastwood wa Mashariki. Vijana wa leo wanamjua zaidi kama baba wa mwigizaji Fardeen Khan, au kama bosi wa majambazi aitwaye RDX katika filamu ya kuchekesha ya Welcome ya mwaka 2007. Wazee wao wanamjua kama steringi. Ni wachache katika makundi yote mawili wanaojua kwamba mtu huyu alikuwa akitafuta fedha, akiongoza, na kucheza filamu zake chini ya kampuni yake mwenyewe, F.K. International, na kwamba kila filamu aliyotoa ilikuwa ni kamari ya kumtajirisha au kumfilisi.

Alizaliwa Bangalore, kusini mwa India, tarehe 25 Septemba 1939. Baba yake, Sadiq Ali Khan Tanoli, alikuwa Mpathani mwenye asili ya Ghazni nchini Afghanistan, na mama yake, Fatima, alikuwa na asili ya Uajemi. Nyumba ilikuwa na watoto wengi, na wawili kati ya wadogo zake nao waliingia katika sinema: Sanjay Khan, aliyekuja kutengeneza tamthilia kubwa ya televisheni kuhusu Tipu Sultan, na Akbar Khan. Feroz alisoma katika shule za Bishop Cotton na St. Germain hapo hapo Bangalore, kisha akaenda Bombay, mji ambao tangu mwaka 1995 unaitwa Mumbai, kutafuta kazi ya uigizaji.

Hakupokewa kwa shangwe. Alianza kwa nafasi ya pili katika filamu iitwayo Didi, na miaka iliyofuata alizunguka katika filamu za bei nafuu, zile ambazo waigizaji wakubwa hawakuzitaka. Mwaka 1962 alipata nafasi katika filamu ya Kimarekani ya Tarzan Goes to India, ambamo alicheza mwana wa mfalme. Mwaka huo huo alikuwa katika Reporter Raju, na mwaka 1964 katika Samson. Jina lake lilianza kutajwa mwaka 1965, pale alipocheza katika Oonche Log pamoja na Ashok Kumar na Raaj Kumar, na katika Arzoo, ambayo ilivuma sana. Hata hivyo katika Arzoo steringi alikuwa Rajendra Kumar, na Feroz alikuwa yule rafiki mwema anayebaki mikono mitupu mwishoni.

Nafasi hizo za pili ndizo zilizompa heshima. Aadmi Aur Insaan ya mwaka 1969, iliyoongozwa na Yash Chopra, ilimpatia tuzo ya Filmfare ya mwigizaji msaidizi bora. Mwaka uliofuata akacheza katika Safar akiwa mume tajiri anayeliwa na wivu, huku Rajesh Khanna akiwa ndiye kipenzi cha watazamaji. Ni filamu ya machozi, haina ngumi hata moja ya maana, na mwandishi wa makala hii anaona kwamba humo ndimo Feroz alipoigiza vizuri kuliko mahali pengine popote. Mtu mwingine angetulia hapo. Alikuwa na tuzo, alikuwa na kazi, na alikuwa na miaka 30 tu.

Yeye akaamua kuwa bosi. Ili msomaji aelewe uzito wa uamuzi huo, ni vyema akumbuke jinsi filamu za India zilivyokuwa zikitengenezwa. Serikali ya India haikuitambua kazi ya filamu kama kiwanda rasmi hadi mwaka 1998, kwa hiyo benki hazikuwa zikikopesha watengenezaji. Fedha zilitoka kwa wakopeshaji binafsi kwa riba kali, au kwa wasambazaji walionunua haki za kuonyesha filamu katika eneo fulani kabla hata haijakamilika. Filamu ikianguka, deni linabaki kwa mtengenezaji. Zaidi ya hapo, nchi ilikuwa na masharti makali ya fedha za kigeni, na kumpeleka mpiga picha Ulaya pamoja na mitambo yake lilikuwa jambo la kuhangaikia kweli kweli.

Filamu ya kwanza aliyoiongoza, Apradh, ilitoka mwaka 1972. Yeye mwenyewe alicheza dereva wa magari ya mashindano anayeingia katika genge la wezi wa almasi kwa sababu ya mapenzi, na mbio za magari zilipigwa picha Ujerumani. Watazamaji wa India hawakuwa wamewahi kuona kitu cha namna hiyo katika filamu ya lugha yao. Hadithi yenyewe ni nyepesi, lakini sura ya filamu, yaani mwendo wa kamera, mavazi, magari na muziki, ilionyesha kwamba mtu huyu alikuwa anatazama filamu za Ulaya na Marekani kwa jicho la fundi.

Mwaka huo wa 1972 una maana nyingine kwa wasomaji wetu wa Toronto. Ndio mwaka ambao Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke nchini, na maelfu yao wakapokewa Canada. Ndio mwaka pia ambao jumba la sinema la Naaz lilifunguliwa katika barabara ya Gerrard mashariki mwa Toronto, linalotajwa kuwa la kwanza Amerika Kaskazini kuonyesha filamu za Kihindi peke yake, na ambalo maduka yaliyolizunguka yakaja kuwa soko maarufu la Kihindi la mji huo. Watu waliozoea kwenda sinema Jumapili mchana huko Kampala, Jinja, Mombasa au Dar es Salaam, wakiwa sasa wamevaa makoti mazito ya theluji, walipata mahali pa kwenda. Wenyeji wa Mombasa hawakushangaa hata jina, maana nao walikuwa na Naaz yao.

Uhusiano na Uganda haukuishia hapo. Mwigizaji wa kike katika Apradh alikuwa Mumtaz, mmoja wa nyota wakubwa wa wakati ule. Mwaka 1974 Mumtaz aliolewa na Mayur Madhvani, wa familia ya Madhvani yenye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Kakira karibu na Jinja, familia ambayo ilinyang'anywa kila kitu na Amin na ikarudi Uganda kukifufua kiwanda katika miaka ya 1980. Miaka zaidi ya 30 baada ya Apradh, mnamo Desemba 2005, Fardeen, mtoto wa Feroz, alimuoa Natasha, binti wa Mumtaz na Madhvani. Kwa hiyo steringi yule ambaye watu wa Jinja walimwona kwenye pazia la sinema alikufa akiwa mkwe wa watu wa Jinja.

Filamu yake ya pili, Dharmatma, ilitoka mwaka 1975 na ndiyo iliyomthibitisha. Kisa kimechukuliwa kutoka filamu ya The Godfather: Premnath anacheza mzee ambaye hadharani ni mtu wa sadaka na gizani ni mkuu wa majambazi, na Feroz ni mtoto wake anayeikataa biashara ya baba. Ili kumtoa kijana huyo mbali na nyumbani kwao, Feroz aliwapeleka watu wake Afghanistan. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kihindi kupigwa picha nchini humo. Hema Malini anaonekana akiwa msichana wa kabila la wahamaji, na kuna sehemu ndefu ya mchezo wa buzkashi, ambamo wapanda farasi wanagombea mzoga wa mnyama katika uwanda wa vumbi. Mpiga picha, Kamal Bose, alipata tuzo ya Filmfare kwa kazi hiyo, na aliistahili.

Kwa Feroz ile ilikuwa ni safari ya kwenda kwa babu zake. Kwa Waafghani imekuja kuwa kitu kingine kabisa. Miaka mitatu tu baada ya filamu kutoka, yalitokea mapinduzi ya Aprili 1978, na Desemba 1979 majeshi ya Urusi yakaingia. Vita haikuisha kwa miongo mingi. Mzee Mwafghani anayeishi leo ghorofa ya 10 huko Flemingdon Park akiweka Dharmatma anaiona nchi yake yenye amani, yenye rangi, wapanda farasi wake wakishangiliwa na watu wasio na bunduki. Feroz hakukusudia kutunza kumbukumbu za nchi ya mtu yeyote. Alitaka mandhari nzuri kwa filamu ya majambazi.

Baina ya filamu zake mwenyewe aliendelea kucheza katika za wengine. Khote Sikkay ya mwaka 1974 na Kaala Sona ya 1975 zilikuwa za mtindo wa wachunga ng'ombe wa Kimarekani, zikiwa na vumbi, farasi na mtu mmoja asiyesema sana ambaye hana haraka ya kufyatua risasi. Watazamaji wanaokumbuka Sholay peke yake husahau kwamba Khote Sikkay ilitangulia. Alicheza hata katika filamu ya Kipunjabi, Bhagat Dhanna Jatt, inayohusu mcha Mungu. Ukiitazama orodha ya kazi zake utaona mpangilio: anacheza za watu kadhaa, kisha anatoa moja yake, halafu anarudi tena kwa watu. Filamu alizoziongoza katika maisha yake yote ni 8 tu, kuanzia mwaka 1972 hadi 2003.

Kisha ikaja Qurbani, mwaka 1980. Jina lenyewe halikuwahitaji Waswahili mkalimani, kwani kurubani ni neno letu pia. Feroz ni Rajesh, mwizi hodari wa kufungua makasha ya fedha. Vinod Khanna ni Amar, jambazi aliyechoka na ujambazi ambaye ana mtoto mdogo wa kike wa kulea. Zeenat Aman ni Sheela, mwimbaji wa klabu anayependwa na wote wawili. Amjad Khan, ambaye watu walikuwa bado wanamwogopa kwa ubaya wake katika Sholay, safari hii ni inspekta wa polisi mwenye vichekesho. Kuna mahali ambapo Rajesh analigonga gonga gari la Mercedes mpaka linabaki chuma chakavu, na watazamaji waliokuwa hawana hata baiskeli walipiga makofi.

Kwa kawaida ya picha zetu, steringi hafi. Qurbani ina masteringi wawili, na mmoja anakufa kwa ajili ya mwenzake. Jambo la kupendeza ni kwamba mwenye kampuni, mwongozaji na mtoa fedha alimwachia mwenzake kifo hicho, yaani sehemu ambayo watazamaji wangetoka nayo mioyoni. Vinod Khanna aliikubali na akaibeba. Mwigizaji mwenye wivu wa jina lake asingefanya hivyo, na hapa ndipo ilipoonekana faida ya Feroz kuwa bosi kwanza na steringi baadaye.

Muziki wa filamu hiyo una kisa chake. Nyimbo karibu zote zilitungwa na ndugu wawili Kalyanji na Anandji. Lakini Feroz alitaka wimbo mmoja wa disko la kweli, lenye mdundo wa London, na akamwendea Biddu, mtunzi mwenye asili ya Bangalore kama yeye, aliyekuwa akifanya kazi Uingereza. Biddu ndiye aliyetayarisha wimbo wa Kung Fu Fighting uliovuma dunia nzima mwaka 1974. Mwimbaji aliyepatikana alikuwa msichana wa Kipakistani aliyekuwa akisoma London, Nazia Hassan, mwenye umri wa miaka 15 tu. Wimbo wao, Aap Jaisa Koi, ulikwenda mbali kuliko filamu yenyewe. Nazia alipata tuzo ya Filmfare, na mwaka 1981 yeye na Biddu wakatoa albamu ya Disco Deewane iliyofungua njia ya muziki wa pop katika bara lile. Nazia naye hatunaye tena. Alifariki London mwaka 2000 akiwa na miaka 35, kwa saratani ya mapafu, maradhi hayo hayo yaliyokuja kumchukua Feroz.

Qurbani ilikuwa filamu ya Kihindi iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote mwaka 1980. Kwetu ilikuta hali ya pekee. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, hivyo mtu akitaka kuona picha alikwenda Avalon, Empire, Odeon au Empress ikiwa yupo Dar es Salaam, na Majestic au Cine Afrique ikiwa yupo Zanzibar. Baadaye zikaja kanda za video, na filamu za miaka ile zikawa zinaonyeshwa upya katika mabanda ya uswahilini, kanda ikiwa imechakaa hadi sura za waigizaji zinacheza. Watu hawakujua Kihindi. Walifuata kisa kwa macho, na nyimbo waliziimba kwa kubahatisha maneno, bila kujali.

Baada ya ushindi mkubwa kama huo mtu angetegemea atoe filamu kila mwaka. Feroz alikaa miaka 6. Janbaaz ya mwaka 1986 ilihusu dawa za kulevya na ndugu wawili wasiofanana, akiwemo Anil Kapoor, pamoja na Dimple Kapadia, na Sridevi katika nafasi fupi isiyosahaulika. Dayavan ya mwaka 1988 ilikuwa ni marudio ya Nayakan, filamu ya Kitamil ya Mani Ratnam iliyotoka mwaka mmoja kabla, na kiongozi wake alikuwa Vinod Khanna tena, aliyekuwa amerudi kutoka miaka kadhaa ya kumfuata mwalimu wa kiroho Osho. Aliyeiona Nayakan ataona kwamba Dayavan haiifikii. Mwaka 1992 ikatoka Yalgaar, akiwa na Sanjay Dutt. Humo Feroz, aliyekuwa ameshapita miaka 50, alicheza afisa wa polisi ambaye baba yake ni Mukesh Khanna, mtu aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 19. Watu walicheka, na walikuwa na haki ya kucheka.

Kasoro zake zilikuwa wazi. Visa vyake vingi vilitoka kwa wengine, na hakujishughulisha sana kuvificha. Wanawake katika filamu zake huvaa kidogo na kusema kidogo, na kamera hukaa juu yao muda mrefu kuliko kisa kinavyohitaji. Alipenda farasi, magari na nguo kiasi kwamba mara nyingine msimulizi alisahaulika. Lakini hakuna filamu yake unayoweza kuidhania kuwa ni ya mtu mwingine. Ukiingia katikati, gizani, bila kuona jina, dakika tano zinatosha kujua ni ya Feroz Khan. Kwa filamu za ngumi na bastola za Bombay za miaka ile, ambazo nyingi zilifanana kama sare za shule, hilo si jambo dogo.

Mambo yalianza kumgeuka mwaka 1998. Alitengeneza Prem Aggan ili kumtambulisha mtoto wake Fardeen. Kijana alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji mpya, lakini watazamaji hawakwenda. Mwaka 2003 akajaribu tena kwa Janasheen, Fardeen akiwa steringi na baba akiwa adui. Hiyo nayo haikufanya vizuri, na ikawa ya mwisho kuiongoza. Kanuni ile ile iliyomlinda tangu 1972, kwamba anaamua mwenyewe na hakuna wa kumzuia, sasa ilimwacha bila mtu wa kumwambia kwamba nyakati zimebadilika. Tuzo ya heshima ya maisha kutoka Filmfare alikuwa ameshapewa kabla ya Janasheen.

Ulimi wake nao ulimponza. Mwaka 2006 alikwenda Lahore, Pakistan, kwa ajili ya filamu ya Taj Mahal ya mdogo wake Akbar, na katika hafla moja akawasifu Waislamu wa India na hali yao kwa namna iliyoonekana kuwa ni kuidharau nchi mwenyeji. Serikali ya Rais Pervez Musharraf ikampiga marufuku kuingia nchini humo. Wapakistani wengi waliokuwa wakimpenda waliumia. Wengine waliendelea kuziangalia filamu zake kama kawaida.

Kazi yake ya mwisho ilikuwa ile Welcome ya mwaka 2007, filamu ya Anees Bazmee, ambamo alijicheka mwenyewe kwa raha na watazamaji wakacheka naye. Maradhi yalipomzidi alirudi Bangalore, kwenye shamba lake lenye farasi. Alifariki huko usiku wa kuamkia tarehe 27 Aprili 2009 na akazikwa katika mji huo huo alikozaliwa, karibu na kaburi la mama yake.

Vinod Khanna, aliyekufa kwa niaba yake katika Qurbani, alifariki Mumbai miaka minane baadaye, mwaka 2017. Tarehe ilikuwa 27 Aprili.